Upanga Ulionyooshwa

Kitendawili: nafuga chui ndani ya nyumba, namlisha kwa kidole kimoja. Sitawadai mji, jibu nawapa hapa hapa. Ni mke wa Fundi, asubuhi ya Jumamosi, ameketi mbele ya kompyuta ya mumewe, sikio la kushoto limevimba hata hasikii vizuri upande huo, na kidole chake cha shahada kinabofya, kinabofya, kinabofya. Kila kidole kikishuka, ndani ya kompyuta nyundo inagonga chuma, kang. Sauti ameipunguza mpaka karibu kufa, kwa sababu kuta za nyumba ile ni nyembamba na majirani wana masikio mazima.

Mtaani walimwita Mama Mivukuto. Miaka kumi na miwili alivukuta moto katika karakana ya mumewe, na chuma kilipokuwa kinene, yeye ndiye aliyeshika nyundo kubwa huku mume ameshika koleo. Hiyo ilikuwa karakana ya kweli, yenye moshi na jasho. Sasa ilikuwa imefungwa miaka mitatu, tangu mkono wa kulia wa Fundi ulipopondwa juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia. Kilichobaki ni hii ya kwenye kioo, gemu aliyoletewa na mpwa wake ili imliwaze. Humo Fundi alikuwa mhunzi wa enzi za wafalme. Alikuwa na duka lake kwenye mtaa wa mawe, na askari waliovaa chuma mpaka puani walimjia kutaka mikuki, mapanga na ngao, kwa sababu katika nchi ile ya kompyuta vita havikuisha. Juu ya mlango wa duka zilining'inia nyota tano. Mkuki ukivunjika vitani, askari alirudi kichwa kimefungwa bendeji, damu inamchuruzika, anatukana, na nyota moja inazimika.

Nyota ikizimika kule, huku sahani iliruka. Mama Mivukuto aliijua hesabu hiyo kama anavyojua chumvi ya mboga. Nyota moja ni kofi. Nyota mbili ni ngumi. Siku ambayo duka lilichomwa na wanyang'anyi wa humo ndani, Fundi alimburuta mkewe kwa nywele kutoka jikoni hadi bombani, mbele ya foleni ya ndoo, akampiga mateke mpaka akachoka mwenyewe. Mwanamke mmoja kwenye foleni alingoja amalize, kisha akamwomba Mama Mivukuto kwa adabu asogeze ndoo yake mbele, foleni inakwenda.

Ndipo Mama Mivukuto alipojifunza gemu ile. Binti yao wa pekee, wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyemwelekeza, kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Bahati yake ni kwamba humo siku haisogei mpaka mwenye duka afungue mlango. Kwa hiyo kila asubuhi, Fundi akishakunywa chai na kwenda kwa kinyozi kupiga soga, mkewe aliwasha, akaacha mlango wa duka umefungwa, akashusha ukutani vyote mumewe alivyofua jana, akavirekebisha. Kilichopinda alikirudisha motoni, kilicho butu alikinoa. Lakini si sana. Vitano akinyoosha, viwili aliviacha vilivyo, ili Fundi akirudi akute kazi yake, ila yenye bahati zaidi kidogo. Mwizi hutoa asionekane. Huyu alikuwa anatia asionekane, na nawaambia, kutia ni kugumu zaidi.

Miezi minane chui alikula akashiba. Si kila siku. Hilo sikio lilikuwa la Alhamisi, umeme ulikatika kabla hajamaliza mikuki sita.

Siku hiyo ya Jumamosi kazi ilikuwa nyingine. Mjumbe wa mfalme alikuwa ametangazwa kufika, achague upanga mmoja katika mtaa mzima wa wahunzi, upanga wa kuvaliwa na mfalme mwenyewe. Fundi alikuwa ameufua wa kwake siku tano, peke yake, akigombana na kipanya kwa mkono wa kushoto ambao haukuzaliwa kwa kazi hiyo. Ulikuwa umetundikwa juu ya vyote. Mama Mivukuto aliukuza kwenye kioo, akauzungusha. Mpini mzuri. Makali mazuri. Ila kuanzia katikati, upanga ulikwenda kushoto, kidogo tu, kama mtu anayetembea huku anasikiliza jambo begani.

"Huo usiuguse, Mama," binti alisema. Alikuwa mlangoni anamenya viazi, jicho moja barabarani. "Kautengeneza siku tano."

"Umepinda."

"Acha upinde. Ni wake."

"Mjumbe akiukataa, mwanangu, leo hapatakuwa na sikio tena la kuvimba."

 Binti alimenya kiazi mpaka kikawa kama kokwa.

Mama Mivukuto alikaa na ule upanga muda mrefu. Alimwogopa mumewe, hilo ni kweli, na ndilo alilojiambia. Lakini kulikuwa na la pili ambalo hakuliungama hata kwa moyo wake. Mtu aliyepiga chuma miaka kumi na miwili hawezi kuacha upanga umepinda ukutani, mkono unamwasha. Akauweka motoni. Akangoja rangi, si nyekundu, ile inayofuata nyekundu. Akapiga mara tatu. Upanga ukanyooka kama neno la kweli. Akauzima majini, akautundika palepale, akafunga kompyuta na kukifuta kipanya kwa upindo wa khanga, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na jasho.

*

Kwa kinyozi siku hiyo walimwandama Fundi. Mama Mivukuto hakuwepo, lakini maneno hayana mguu na bado hufika. Kinyozi alimuuliza habari za mfalme, kama amelala salama, kama watoto wa mfalme hawajambo. Mwingine akasema wembe wa pale umekuwa butu, basi Fundi amtume mhunzi wake mmoja apite kwenye waya aje kuunoa. Walicheka, naye Fundi alicheka nao, mkono wa kulia umezama mfukoni hadi kwenye kifundo. Mzee mmoja aliyekuwa na povu nusu uso akasema kwa upole kwamba afadhali Fundi, wengine hata kwenye kompyuta hawana kazi. Huo upole ndio uliomuuma. Aliondoka kabla ya muda wake, bila kuaga.

Aliingia nyumbani, hakusalimia. Akaketi, akawasha, akafungua mlango wa duka.

Tarumbeta ikalia. Mkewe alikuwa jikoni, akaisikia kwa sikio moja, na kijiko kikasimama ndani ya sufuria. Kisha akamsikia mumewe akicheka, kicheko ambacho hakikuwa kimeingia katika nyumba ile tangu mkono ulipofungwa plasta.

"Mke wangu. Njoo uone. Na wewe mama, njoo." Hivyo ndivyo alivyomwita bintiye akiwa na furaha, mama, kwa sababu alirithi jina la bibi yake.

Walikuja. Mjumbe wa mfalme alikuwa amepiga goti mbele ya upanga. Nyota tano ziliwaka, na ya sita, ambayo hawakujua kama ipo, ikatokea ya dhahabu. Wahunzi wa mtaa mzima walikuwa wamesimama nje na kofia mkononi. Fundi alimshika mkewe kiuno. Akasema kinyozi na wenzake waje sasa waone, waje na povu lao. Akamkalisha bintiye kwenye egemeo la kiti, akamwonyesha jinsi alivyoutafuta urari wa mpini. Kwa dakika kama nne ilikuwa nyumba ya watu. Mama Mivukuto aliihesabu kila moja.

Kisha Fundi akasema ngoja niwaonyeshe kwa karibu. Akaukuza upanga. Akauzungusha polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akausimamisha.

Mhunzi huujua mkono wake kama mtu anavyoijua sauti yake gizani. Alikuwa ameiona mikuki ikinyooka, akadhani mkono wa kushoto unaanza kutii. Lakini huu alikuwa amelala nao siku tano. Alikijua kipindo chake. Alikuwa amekipenda, mimi nadhani, kwa jinsi mtu anavyokipenda kidonda chake mwenyewe.

"Huu nani kaunyoosha?"

Hakupaza sauti. Fundi hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo ndilo lililowafanya majirani kusema siku zote kwamba hawasikii kitu.

"Ni mimi, Baba," binti akasema haraka. "Nilikuwa nacheza tu, nikabofya—"

Kofi lilimtupa kutoka kwenye egemeo hadi kwenye kona ya kabati. Alipoinua uso, mdomo ulikuwa umejaa damu na jino la pembeni limelala ulimini. Alilitema kiganjani, akalitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Ni mimi," Mama Mivukuto akasema. "Huyo hajui hata kuwasha moto. Ni mimi, kila siku. Mikuki pia."

"Kila siku?"

"Miezi minane."

Ngumi ya kwanza ilitua juu ya sikio lile lile. Ya pili tumboni. Alipoinama, Fundi alimpandishia goti, kisha akamwinua kwa ukosi wa blauzi, si kwa sababu amemaliza. Alimkalisha kwenye kiti. Akavua mkanda.

"Haya, bingwa. Fua nione."

*

Alimfulisha kisu. Mama Mivukuto alikuwa anaona kioo kwa jicho moja, jingine limefumba lenyewe. Moto ukapita rangi, kisu kikatoka kibaya. Mkanda ukashuka mgongoni.

Akafua cha pili, akajikaza, akangoja rangi, akapiga palipotakiwa. Kikatoka kizuri, nyota zote. Mkanda ukashuka mara mbili.

"Ulijifunza wapi kunipita?"

Cha tatu alikifanya cha kati, si kizuri si kibaya, kama alivyokuwa akivipima miezi minane, kwa uangalifu wa mtu anayebeba maziwa yaliyojaa hadi ukingoni mwa kikombe. Mkanda ukashuka, na ncha yake ikamchana shingo. Cha nne, kibaya kwa makusudi. Cha tano, kizuri. Upande wa pili wa ukuta mtu aliongeza sauti ya redio. Damu ilishuka kutoka shingoni ikaingia kwenye kibodi, herufi mbili tatu zikaanza kunata.

Hapo, kati ya kisu cha tano na cha sita, ile hesabu yake ikabomoka. Alikuwa anatafuta kisu kisicho na kipigo. Alikitafuta kwa macho mawili na sasa kwa jicho moja, alikitafuta kama mtu anayetafuta pete mtoni, na hakikuwepo, na hakikuwahi kuwepo. Nyota zilikuwa zikizimika na kuwaka huko juu kwa mambo yao. Mkanda ulikuwa na mambo yake. Zile siku za amani alizodhani amezinunua kwa kidole zilikuwa siku ambazo Fundi hakujisikia tu kupiga.

Aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Nani kakwambia uache?"

"Nimechoka."

"Mkono wangu uliuvunja wewe," Fundi akasema. Aliuinua mkono wa kulia mbele ya uso wake, vidole vitatu vilivyogandamana kama mzizi. "Wewe, kwa nyundo yako. Nikanyamaza. Watu wakasema mfukuze, nikanyamaza. Sasa hata huu wa kwenye gemu umeutaka."

Hilo lilikuwa neno la kila siku katika nyumba ile, na jibu lake lilikuwa kuinamisha kichwa. Mtaa wote ulijua kwamba Mama Mivukuto alimponda mumewe mkono. Hata yeye alikuwa anajua hivyo. Aliliamini mchana na kulilalia usiku.

"Hukugonga fuawe," akasema.

Wenye kazi ile wanaelewa. Mpigaji wa nyundo kubwa hatazami uso wa mtu, anatazama chuma. Mwenye koleo ndiye anayemwongoza kwa nyundo ndogo: akigonga chuma, piga hapo; akitaka kugeuza au kusimama, anagonga fuawe tupu, na nyundo kubwa inabaki juu. Ni lugha ya mahali ambapo hamsikilizani kwa kelele. Siku ile Fundi alikuwa amegeuka kumtukana mkewe kwamba anapiga kama mgonjwa, na katika kugeuka akaupitisha mkono juu ya chuma bila kugonga. Nyundo ilikuwa njiani tayari.

"Ulikuwa unanitukana," Mama Mivukuto akasema. "Ukaingiza mkono. Hukugonga."

Fundi aliutupa mkanda. Kwa maneno hayo mkanda haukutosha. Akauinua mkono wa kushoto, mzima, wenye nguvu, umekunjwa, na ukashuka kuelekea usoni.

Haukufika. Mkewe aliudaka kwenye kifundo.

Wote watatu walishangaa, na aliyeshangaa zaidi ni yeye. Fundi alivuta. Mkono haukutoka. Alivuta tena, akaweka mguu kwenye kiti, uso ukamwiva. Miaka kumi na miwili mmoja wao aliinua ratili kumi na nane za chuma juu ya kichwa, tangu asubuhi hadi jioni, na mwingine alishika koleo. Hawakuwahi kulifikiria jambo hilo katika nyumba ile. Mama Mivukuto akausimamisha mwili wake, akaulaza ule mkono mezani pembeni ya kibodi, kiganja chini, akaukandamiza kwa mikono yote miwili. Fundi akapiga magoti bila kupenda.

Kwenye kioo wateja walikuwa wameanza kugonga mlango wa duka.

"Mama," binti akasema. "Uvunje."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. Mama yake akageuka, na kwa jicho moja lililobaki akamwona amesimama na damu kidevuni, jino kwenye ngumi ya kushoto. Katika mkono wa kulia alikuwa na ile nyundo ndogo ya karakana, waliyoizuilia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Alikuwa anaitoa mpini mbele, vile alivyofundishwa tangu utotoni kumpa fundi chombo chake.

"Huo ndio wa mwisho alio nao," binti akasema. "Ukiuvunja basi."

Ile sauti Mama Mivukuto aliijua. Alikuwa ameishi nayo, ameipikia, ameifulia mashati. Hakujua ilikuwa imehamia kwa mtoto lini.

Fundi naye aliisikia. Aliacha kuvuta. "Mwanangu," akasema kutoka chini, na sauti yake ikawa nyembamba. "Mwanangu, ni mimi."

Binti hakumtazama. Alimtazama mama yake, akasogeza mpini karibu zaidi.

Mkono ulikuwa pale, umelala, mishipa imetuna. Pigo moja lingetosha, na Mama Mivukuto hakuwa mtu wa kukosea pigo. Sitawadanganya kwamba hakutaka. Alitaka mpaka meno yakamuuma. Lakini ili aipokee nyundo ilimpasa auachie mkono wa mume, na alipouachia, hakuipokea kwa mpini. Aliishika kichwani, kwenye chuma.

"Nipe."

"Ni yako. Piga."

"Nipe, nikaiweke."

"Hapana."

Wakavutana. Huo ndio ugomvi mkubwa wa siku ile, na haukuwa na kelele hata kidogo. Mama alishika chuma, mtoto alishika mpini, wanapumua usoni kwa usoni, damu ya mmoja inadondokea mguu wa mwingine. Fundi angeweza kusimama. Mlango ulikuwa nyuma yake, mkanda ulikuwa karibu na goti lake. Alibaki chini, ameukumbatia mkono wake mzima kifuani, anamtazama bintiye kama vile yeye mwenyewe alivyotazamwa miaka yote.

Mama Mivukuto alipoona mtoto haachii, alimvuta pamoja na nyundo. Akarudi kinyumenyume hadi kizingitini, akatoka nje kwenye jua la saa nane, wote wawili wameshika chombo kimoja kama watu wanaobeba ndoo. Foleni ya bombani iligeuka. Hakuna aliyeuliza. Mwanamke mmoja alisogeza ndoo yake, wapite.

*

Mshonaji wa cherehani wa mlango wa tatu, mama mtu mzima asiye na mume wala mbwa, hakuwahi kuingilia mambo ya watu. Lakini aliwaona mlangoni pake akasukuma vitambaa vya wateja kutoka kwenye benchi. Aliuliza kama mume anawafuata. Mama Mivukuto akasema hafuati. Mama yule alifunga komeo hata hivyo, akasogeza na mashine ya kushonea nyuma ya mlango, akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

"Hapa mtalala," alisema kutoka ndani. "Kesho nakupeleka polisi mwenyewe, ukitaka usitake. Na watakuuliza ulifanya nini mpaka akupige, kwa hiyo jibu ulitafute leo."

Mama Mivukuto alisema jibu analo.

Wakakaa kwenye benchi. Nyundo ilikuwa mapajani mwa binti, mpini umo ngumini, vidole vimekuwa vyeupe. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama mlango, anasubiri, na bega lake la kulia lilikuwa limeinuka kidogo, tayari.

"Kwa nini hukuuvunja?"

Mama yake alifikiria. Yalikuwepo maneno mengi ya kumwambia mtoto, ya dini na ya busara, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli saa ile.

"Uliniambia kwa sauti yake," akasema.

Binti akageuza uso haraka, kana kwamba amepigwa. 

Mama Mivukuto aliuchukua mkono wa mtoto ulioshika nyundo, akaulaza juu ya goti lake mwenyewe, akaanza na kidole kidogo. Hicho kilitoka kwenye mpini bila shida. Cha pili kilikuwa kigumu, akakikanda kwenye kiungo kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kikalegea. Cha tatu kilitoka, kikarudi, kikashika tena.

"Maji yamechemka," mama wa cherehani aliita. "Nianze na nani?"

"Tusubiri kidogo, dada yangu," Mama Mivukuto akasema, akakirudia kidole cha tatu.